Siku ya Kufua Blanketi

Jioni ile muuguzi wa chumba cha tatu alibandika maharagwe kwenye jiko la karibu na dirisha, akapunguza moto, akaenda kufua sare zake. Alizifua, akazisuuza, akazianika kwenye kamba ya ukumbini, akarudi. Moto ulikuwa unawaka vizuri chini ya sufuria. Maji yalikuwa ya baridi. Maharagwe yalikuwa magumu kama yalivyotoka dukani. Alitumbukiza kidole kuhakikisha, akakifuta kwenye gauni, akaongeza moto, akaenda kupiga pasi. Aliporudi tena, hali ilikuwa ile ile. Akala mkate mkavu, akalala, kwa sababu zamu yake ilianza kabla jua halijachomoza.

Jiko lilikuwa la pamoja: chumba kirefu, chembamba, mwisho wa ukumbi, chenye meza ya saruji iliyopangwa majiko ya gesi, sinki moja, na bomba lililofungwa mpira wa baiskeli ili lisivuje. Habari haikukawia kuenea. Kesho yake wali wa mlinzi ulibaki mchele. Viazi vya kinyozi vilishinda motoni mchana kutwa, vikatoka vibichi, hata maganda hayakubabuka. Wapangaji walilaumu gesi, wakabadilisha mtungi. Wakalaumu sufuria, wakaazimana. Mwishowe akaitwa fundi wa gesi, akakagua mipira yote, akausogezea moto kiganja, akaungua, akasema moto hauna kosa, waulizeni chakula.

Aliyegundua ni yule mlinzi, mtu wa maneno mengi ambaye jengo zima lilimwita Redio. Alikuwa na siku yake ya mapumziko, simu imeisha chaji, hana pa kwenda, akakaa tu mbele ya mchele wake akiutazama. Mchele ukachemka. Mke wake akamletea simu iliyokwisha kuchajiwa, naye alipoanza kuitazama, sufuria ikanyamaza. Akaiweka simu kando, ikachemka. Akaanza kuwaza zamu ya kesho, ikanyamaza tena. Alirudia mchezo huo mpaka wali ukaiva, kisha akapita mlango kwa mlango akieleza kwamba sufuria zinataka mtu, tena si mtu wa kupita, ni mtu wa kukaa, na akikaa awepo.

"Zina wivu kuliko mke wangu," alisema.

Mke wake, aliyekuwa anamenya vitunguu pembeni, alisema sufuria zina bahati, maana zenyewe angalau zimepata wa kukaa nazo.

Hakuna aliyeshangaa. Katika jengo lile vitu vilikuwa na kawaida ya kuacha kufanya kazi: taa ya ngazini, pampu ya maji, kufuli la lango. Sasa ilikuwa zamu ya moto. Shida ilikuwa nani akae. Muuguzi alitoka gizani na kurudi gizani. Redio alilinda ghala usiku, na mchana alilala. Mke wake alifagia ofisi za watu asubuhi na ofisi za watu wengine jioni. Kinyozi alikula akinyoa. Kila aliyejaribu kukaa alikaa mwili tu, roho ikiwa imeshatangulia kazini, na maji yalijua.

Ndipo wakamwona Bi Mkubwa.

Alikuwa mama wa mshonaji wa chumba cha mwisho. Magoti yalikuwa yamemstaafisha, na kila alasiri alibeba kigoda chake polepole mpaka jikoni kutafuta joto. Alikuwa na namna yake ya kukaa. Aliweka mikono juu ya mapaja, akazitazama sufuria kama mtu anayetazama watoto wakicheza, haulizi saa, hatikisi mguu. Alipokaa yeye, sufuria zote zilichemka kwa pamoja, toka ya dirishani mpaka ya mlangoni, na vifuniko vikaanza kugongana.

Basi wakamletea. Asubuhi kabla ya kutoka kila mmoja alibandika chake, akamwamkia Bi Mkubwa, akashika njia. Jioni walikuta vyakula vimeiva, vimefunikwa, na kila mmoja alimmegea bibi upawa mmoja, na ndio ulikuwa ujira wake. Alifurahi. Alimwambia binti yake kwamba tangu aache kazi hakuna aliyekuwa akimhitaji kwa lolote isipokuwa mbu.

Binti yake alishona mifuko. Kiwanda kilitengeneza sare za walinzi, wahudumu na wafagizi, na yeye alishona mfuko wa kifuani, wa kushoto tu, mwaka baada ya mwaka. Wenzake walimwita Kushoto. Aliwahi kushona wa kulia wiki moja, mwenzake alipougua, na alipenda kusimulia kuhusu wiki hiyo kama watu wengine wanavyosimulia safari. Alitoka mapema na bakuli lake la mfuniko, akarudi jioni na uzi kwenye nywele, akala chochote alichowekewa, akalala. Kama ungemuuliza amekula nini, angelazimika kuuliza.

Wa kwanza kusema kuhusu ladha alikuwa muuguzi. Kabichi yake, aliyoibandika na kitunguu na chumvi tu, ilikuwa na mchana wa mvua ndani yake. Ilikuwa mvua juu ya bati, mkeka mkavu, na nyayo za baridi za dada mtu zikitafuta joto chini ya miguu yako. Muuguzi hakuwa na dada. Alimuuliza Bi Mkubwa kama alikuwa ameongeza kitu.

"Sijaongeza," alisema Bi Mkubwa. "Nilikuwa nakumbuka tu."

Baada ya hapo kila sufuria ilikuwa na siku yake. Supu ya kinyozi ilikuwa na safari ya kwenda kisimani na soga zake. Viazi vya Redio vilikuwa na darasa lenye vumbi na mwalimu aliyelala wanafunzi wakicheka kimyakimya. Ladha ilikaa mdomoni mpaka sahani ilipooshwa, kisha ikatoka na maji. Wapangaji waliizoea haraka. Waliulizana jioni, wewe leo umepata nini, na mmoja akisema amepata mazishi, mwingine alimhurumia na kumpa kijiko cha sikukuu. Lakini walikula kama walivyokula siku zote, wamesimama, mmoja kaegemea friji, mwingine anatafuta funguo. Redio alikula utoto mzima wa Bi Mkubwa huku akifunga kamba za viatu.

Mshonaji hakujua gharama ya ladha hizo mpaka siku mke wa Redio alipomgongea mlango akiwa na sahani ya wali mkononi, anacheka. Alisema mama yako alikuwa mrembo, na baba yako, Mungu amrehemu, alikanyaga pindo la gauni la harusi mpaka likachanika. Mshonaji alionja kijiko kimoja. Kulikuwa na poda, na kelele za watu waliovaa vizuri, na kiganja cha kijana mwanamume kilicholowa jasho kwa woga. Alikuwa baba yake, kabla hajawa baba wa mtu.

Jioni hiyo, akimsugua mama yake magoti kwa mafuta, alimuuliza kuhusu harusi yake.

"Nadhani nilialikwa," alisema Bi Mkubwa.

Mshonaji aliendelea kusugua. Alimuuliza kuhusu dada yake, marehemu. Bi Mkubwa alijibu kwa adabu kwamba angependa kuwa na dada. Alimuuliza kuhusu kisima, shule, nyumba ya bati. Vyote vilikuwa vimekwisha. Havikupotea kama vinavyopotea kwa wazee, kipande hapa na kipande pale. Vilikuwa vimeliwa, na mahali pake palikuwa pamesafishwa kama sahani.

Aliwaita wapangaji ukumbini. Walikuja na sare zao, wengine wanaingia, wengine wanatoka, na walimsikiliza wote. Aliwaambia mama yake anaisha. Aliwaambia wanamla. Hakupandisha sauti, lakini mikono yake ilikuwa inatafuta kitambaa cha kushika. Hakuna aliyebisha. Redio alivua kofia. Mke wake alisema kwa kweli hata yeye aliona aibu siku ya harusi, ila wali ulikuwa umeshaingia mdomoni. Muuguzi aliinamisha kichwa, kisha akasema alilokuwa nalo.

"Mwenzangu, haki iko kwako. Sina la kujitetea. Lakini niambie basi nile nini, nami nasimama na wagonjwa tangu gizani mpaka gizani."

Walikubaliana kwamba kila mtu atakaa na sufuria yake mwenyewe. Walijaribu kwa moyo safi. Kinyozi alifunga duka saa moja kabla, akakaa, maji yakamtazama naye akayatazama. Muuguzi alikaa akasinzia. Wakala mkate na maji, wakala ndizi, wakala mkate tena. Mwenye duka la mkate alifikiri kuna msiba jengoni. Kisha asubuhi moja sufuria moja ikaonekana jikoni, imefunikwa vizuri, haina mwenyewe. Asubuhi iliyofuata zilikuwa nyingi. Bi Mkubwa alikuwa kwenye kigoda chake kama kawaida, na alipoziona alisogea kuzipa nafasi. Hakuwa mtu wa kumnyima mtu moto.

Mshonaji aliamua kumpokea mama yake kazi hiyo. Kiwandani aliomba siku moja. Msimamizi alimwambia kuna oda kubwa, siku hazipo, lakini Jumapili mchana ni yake. Basi Jumapili mchana akamlaza mama yake, akachukua kigoda, akabandika yai moja kwenye maji, akakaa. Aliweka mikono juu ya mapaja kama alivyomwona mama yake akifanya. Aliingia ndani ya nafsi yake kutafuta siku.

Alikuta mifuko. Alifungua mwaka, akakuta mifuko ya kushoto, ya kijivu. Alifungua mwaka mwingine, akakuta ya buluu. Alipita wiki ile ya mfuko wa kulia, akaishika, lakini haikuwa na joto kama alivyodhani. Maji hayakutikisika. Alikuwa amepita katika maisha yake kama mtu anayevuka chumba gizani kwenda chumba kingine, na chumba kingine hakikuwepo. Alitaka kuinuka. Ndipo akakumbuka alasiri moja umeme ulipokatika kiwandani na mashine zote zikazima. Walitolewa uani. Walisimama juani, wanawake wote, hawana la kufanya, na mmoja alianza kusuka nywele za mwenzake, na mwingine akapitisha chungwa, kila mmoja akanyofoa kipande. Upepo ulikuwa unapita. Kisha umeme ulirudi.

Maji yalichemka kwa muda wa alasiri hiyo. Yai liliiva nusu. Alilipasulia kikombeni, akalila na chumvi, amesimama, na lilikuwa na ladha ya chungwa. Alipoosha kikombe hakukumbuka tena kwa nini alikuwa amefurahi. Alijua tu kwamba hakuwa na kingine cha kupika.

Alirudi chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake. Alimuuliza amebakiwa na nini.

Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kuficha. Alisema zimebaki siku chache za hivihivi, za kusubiri mabasi na kupanga foleni za maji, ambazo kinyozi amekuwa akilalamika kwamba hazina chumvi. Na imebaki moja nzuri.

"Ipi, mama?"

"Siku ya kufua blanketi."

Mshonaji hakuikumbuka, alikuwa mdogo mno. Mama yake akamsimulia. Haikuwa sikukuu wala nini. Kazini walikuwa wamewaambia wasije. Alitia blanketi lile zito, la kijivu, kwenye beseni kubwa, akamwaga maji na sabuni, akaingia mwenyewe na kumwinua mtoto kumwingiza. Wakalikanyaga. Mtoto alimshika kiuno, yeye akamshika mabega, wakazunguka ndani ya beseni kama wanaocheza densi. Povu lilipanda mpaka kwenye magoti ya mtoto. Maji yalikuwa ya baridi, na blanketi lilikuwa likitoa sauti chini ya nyayo, na kila lilipotoa sauti mtoto alicheka mpaka akakosa nguvu za kusimama. Walipolikamua, kila mmoja upande wake, mtoto alizungushwa na blanketi akaanguka. Kisha walikaa kizingitini, miguu imesinyaa kwa maji, wakala ndizi, wakalitazama likidondosha matone.

"Ndipo nilipokuona," alisema Bi Mkubwa. "Kabla ya hapo nilikuwa nakulea tu. Siku hiyo nilikaa nikakutazama, nikasema, kumbe huyu ndiye."

Mshonaji alimwambia asiipike hiyo. Alimshika mikono yote miwili akamwambia wape foleni, wape mabasi, zikiisha waambie zimeisha, hii usiwape. Bi Mkubwa alimwahidi. Alisema hiyo ameifungia, hata yeye mwenyewe huigusa kwa ncha ya kidole.

Alitimiza ahadi. Siku za hivihivi ziliisha, na asubuhi moja aliwaambia wapangaji kwamba leo hana kitu. Waliondoa sufuria zao. Redio peke yake aliuliza kama hakuna hata kimabaki, na mke wake akamvuta shati.

Lakini Bi Mkubwa alikuwa na jambo moja ambalo halikuwa siku wala kumbukumbu, na kwa hiyo halikuweza kuliwa. Hakuwahi kumwacha mwanawe atoke nyumbani bila chakula. Alimwona asubuhi moja akitia mkate mkavu ndani ya bakuli la mfuniko, kama alivyotia jana yake na juzi yake, mgongo umeanza kupinda, shingo imekuwa nyembamba kama ya kuku. Alfajiri iliyofuata alijikongoja jikoni kabla ya watu kuamka, akabandika viazi na karoti na kipande cha nyama kilichokuwa kimehifadhiwa kwenye friji ya kinyozi, akakaa kwenye kigoda chake. Vilichemka vizuri sana. Watu waliopita ukumbini kwenda kuoga walisikia harufu ya sabuni.

Mshonaji alikuwa amechelewa. Mama yake alimkabidhi bakuli mlangoni, lina moto bado, limefungwa kwa kitambaa.

"Wengine nimewapa," alisema. "Hiki ni chako. Ukifika kula, kaa chini, mwanangu. Kula polepole."

"Sawa, mama," alisema mshonaji, naye alikuwa ameshafika ngazini.

Mchana ule mapumziko yalikuwa yamefupishwa kwa sababu ya oda. Hapakuwa tena na muda wa kutoka uani, kwa hiyo ilikuwa imeruhusiwa kula ndani, kando ya mashine, kwa masharti kwamba kengele ikilia kusiwe na chakula chochote ukumbini. Panya walikuwa wametoboa vitambaa. Viti vilikuwa vimeondolewa kwenye njia. Mshonaji alisimama kati ya mashine yake na ukuta, akafungua kitambaa, akafungua mfuniko, akala kijiko cha kwanza akiwa anawaza nyuzi.

Maji yalikuwa ya baridi. Povu lilipanda mpaka magotini. Mikono miwili ilimshika mabega, na juu yake, dhidi ya jua, kulikuwa na uso wa mwanamke kijana aliyekuwa anamtazama kama mtu aliyepata kitu alichokuwa hajui kwamba amekipoteza. Kisha akajiona mwenyewe, mdogo, karukiwa na povu mpaka kidevuni, kutoka machoni mwa mwanamke huyo. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama hivyo tena, wala hakujua kwamba aliwahi kutazamwa hivyo.

Alimeza. Akafahamu anachokula.

Alifunika bakuli. Aliwaza haraka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliwaza jambo lisilo uzi. Kilichokuwa ndani kilikuwa bado kingi. Kama angekifikisha nyumbani, angemlisha mama yake, kijiko kwa kijiko, na kwa muda ambao sahani haijaisha mama yake angemjua. Alifunga kitambaa kwa mafundo mawili. Alikuwa analisukuma bakuli chini ya mashine, nyuma ya kikapu cha mabaki ya vitambaa, kengele ilipolia.

Msimamizi alikuwa anapita na pipa la taka. Hakuwa mtu mbaya, kila mtu alisema hivyo. Alikuwa anapita kila mashine, na wanawake walikuwa wanamwagia mabaki yao ndani ya pipa bila kutazama. Alilivuta bakuli kwa ncha ya kiatu.

"Dada yangu, hili nalo."

Mshonaji alimwambia ni chakula cha mama yake, anakirudisha nyumbani, kimefungwa vizuri, panya hawawezi. Alisema maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia msimamizi tangu aajiriwe. Alisema atalishika mkononi. Alisema atashona kwa mkono mmoja.

Msimamizi aliinama, akanusa.

"Blanketi," alisema. "Mama yangu naye alikuwa akifua kwa miguu." Akasogeza pipa karibu. "Utaratibu sikuutunga mimi, dada. Kula au mwaga. Wanakusubiri, mstari wote umesimama."

Ilikuwa kweli. Mashati yalikuwa yanarundikana upande wa kulia, na mwenzake wa upande wa kushoto alikuwa ameinua mikono, hana cha kushona. Mshonaji alifungua mafundo. Alikula akiwa amesimama, msimamizi ameshikilia pipa kando yake kwa subira. Alikula beseni na povu. Alikula sauti ya blanketi. Viazi vilikuwa bado na moto ndani na vilimchoma koo, na hakutafuna, alisukuma kwa kijiko, kidole, na kiganja. Alijaribu kukishikilia kicheko cha yule mtoto, lakini kilikuwa kimechanganyika na nyama na alikuwa ameshakimeza. Mwishoni kulikuwa na kizingiti, ndizi, na sauti ikisema kumbe huyu ndiye, na hiyo aliifikia mdomo ukiwa umejaa.

Msimamizi alimpa kitambaa chakavu ajifute. Alishona mifuko mpaka jioni. Walioikagua kazi yake walisema ilikuwa sawa.

Aliporudi nyumbani, Bi Mkubwa alikuwa amekaa mlangoni. Alimtazama mshonaji akipanda ngazi, na alimsogezea mguu apite.

"Karibu, mwanangu," alisema.

Mshonaji alisimama. Alibaki amesimama kwa muda kwenye neno hilo, kama mtu aliyekanyaga ubao bila kujua kama utambeba.

"Unamtafuta nani?" aliuliza Bi Mkubwa. "Wa chumba hiki hayupo. Nadhani yuko kazini."

Mshonaji alisema atamsubiri. Bi Mkubwa alisema ni vizuri, akasogea apate nafasi, na wakakaa pamoja mlangoni. Bibi alizungumza naye kwa heshima, kama mtu anavyozungumza na mgeni, mpaka ikawa wakati wa kulala.

Wapangaji walikuja mmoja mmoja kutoa pole. Muuguzi alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Redio alisema hajawahi kula vizuri vile maishani mwake na hatakula tena. Katika hilo la mwisho alikosea. Chini ya ngazi, katika chumba kilichokuwa stoo zamani, aliishi mwashi mstaafu, mzee mgane aliyekula chumvi nyingi, aliyejenga nusu ya nyumba za mitaa ile na sasa alishinda akizitazama kutoka mlangoni. Hakuwa na haraka ya kwenda popote. Kinyozi alimpelekea sufuria moja kwa kujaribu. Ikachemka. Kabla ya mwisho wa wiki majiko yote yalikuwa yameteremshwa chini ya ngazi, na mzee alikuwa amenyolewa bure na kuamkiwa na kila mtu.

Mshonaji alikaa bila kuteremka kwa muda. Alimlisha mama yake mkate uliolowekwa kwenye maji ya sukari, kwa kuwa Bi Mkubwa hakuwa na meno ya kutosha. Bibi alikonda. Alianza kuutema mkate, kwa upole, kwenye kiganja, akimwomba radhi mgeni wake.

Basi asubuhi moja mshonaji aliteremka na sufuria ya uji wa mchele. Aliiweka kwenye moto nyuma ya sufuria ya muuguzi. Mwashi alimwamkia, akasema anamjua, ni binti wa yule bibi, akamuuliza bibi anaendeleaje. Mshonaji alisema hajambo. Alitaka kumwambia mzee jambo moja, likamfika mpaka kooni, mzee akamtazama akingoja. Nje honi ya basi la wafanyakazi ilikuwa inalia.

"Nenda tu, mama," alisema mwashi. "Utachelewa. Mimi nipo."

Akaenda.

Jioni uji ulikuwa umeiva. Alimlisha mama yake kwa kijiko kidogo. Kwenye kijiko cha pili macho ya Bi Mkubwa yaliwaka. Alinyoosha mgongo. Alimwambia mshonaji ashike kamba vizuri upande ule, isilegee, maana ukuta ukipinda chini utapinda mpaka juu. Alimwambia asubuhi hii ni nzuri kwa kazi, chokaa imekubali, na wakimaliza watakaa juu ya ukuta kula na kuutazama mji. Alicheka. Alimpiga mshonaji begani kama wanavyopigana wanaume wa kazi.

"Wewe utakuwa fundi mzuri," alisema.

"Ndiyo, mzee," alisema mshonaji.

Alimlisha mpaka sahani ikaisha, na Bi Mkubwa akanyamaza, akageukia ukuta. Mshonaji alikwangua ukoko uliobaki, akaula akiwa amesimama karibu na beseni la vyombo. Aliosha sufuria, akaikausha, akaiweka karibu na mlango ili asubuhi asije akaisahau.